Kidole Tumbo na Supu ya Shangazi

Kama tumbo linakuuma sasa hivi, na maumivu yalianzia kitovuni kisha yakahamia chini upande wa kulia, acha kusoma hapa. Simama, kama bado unaweza kusimama wima, uende hospitali. Maandishi haya yatakusubiri.

Najua hutakwenda. Utamaliza kwanza aya hii, kisha utaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na watu ambao hawajawahi kuona ndani ya tumbo lolote isipokuwa la mbuzi watakueleza una nini. Nakudharau kwa hilo, ila si sana kama ninavyojidharau mwenyewe, maana mimi nilifanya hayo yote nikiwa na shahada mbili.

Ilikuwa majira yale ambayo Singida haina rangi nyingine zaidi ya vumbi. Alizeti ilikwisha kuvunwa, mashine za kukamua zinanguruma mchana kutwa, na upepo unavuma bila kupumzika kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. Nyumbani kwetu Mwankoko tulikuwa tumefunga madirisha kuzuia vumbi na harufu ya mashudu ya alizeti. Nilikuwa mezani naandika makala ya kuwabeza watu wanaojitibu wenyewe. Ndiyo kazi yangu: nabeza watu magazetini, na kwa kuwa watu hao hawasomi magazeti, hakuna aliyewahi kuumia.

Maumivu yakaanza kuzunguka kitovuni, yakija na kuondoka. Sasa, mtu wa umri wangu aliyesoma akiumwa tumbo hahitaji daktari, kwa sababu ugonjwa wake anaujua: vidonda vya tumbo. Ni ugonjwa wa heshima. Unaonyesha kwamba mwenyewe anafikiri sana na anakunywa kahawa. Watu wengine huumwa minyoo. Wasomi tunaumwa vidonda. Nikamwambia mke wangu Elisifa anisagie kabichi mbichi ninywe juisi yake.

"Daktari gani kasema?" akauliza.

"Inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Elisifa, saga kabichi."

Akasaga. Elisifa anafundisha sekondari, na amezoea kumwacha mjinga afeli mtihani mwenyewe ili ajifunze. Nilikunywa glasi nzima, nikaitapika nzima, nikasema dawa imeanza kufanya kazi.

Asubuhi maumivu yalikuwa yamehama kitovuni, yamekaa chini kulia, na hayakuwa yakienda na kurudi tena. Yalikuwa yamehamia. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini vidonda vyake vimebadilisha makazi. Mimi nilikwenda duka la dawa. Muuzaji hakunigusa. Aliniuliza kama nakojoa, nikasema ndiyo, akasema ni UTI na taifodi. Hapa mjini kila mtu ana UTI na taifodi. Ukiingia duka la dawa kuuliza njia ya kwenda benki utatoka na UTI na taifodi. Nikameza alichonipa, nikarudi nyumbani nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu chini.

Kisha likaja kundi la ukoo. Binamu yangu wa Itigi, ambaye amefanya kazi ya reli maisha yake yote na kwa hiyo anajua kila kitu, aliandika kwamba mwanamume akiumwa chini ya tumbo upande mmoja, hiyo ni ngiri. Wengine wakaafiki kwa vidole gumba. Wasiojua niwajulishe: kwetu ngiri si ugonjwa tu, ni habari. Ndiyo ile wanayoitangaza stendi kwa spika pamoja na kuumwa mgongo na kupungukiwa nguvu, huku wauzaji wa mizizi wakikuangalia usoni. Ukishaitwa mwenye ngiri, wanawake wa ukoo wataanza kumpa mkeo pole ambazo haziendani na tumbo. Kwa hiyo nilinyamaza. Siku nzima nyingine nililala ubavu, nimekunja mguu wa kulia, nikiilinda sifa ambayo hakuna aliyekuwa ameiulizia.

Elisifa aliporudi kazini jioni alinikuta natetemeka.

"Nyoosha mguu."

"Umenyooka."

"Nyoosha huu mwingine."

Haukunyooka. Alinivalisha viatu kama mtoto wa chekechea, akaniingiza garini. Kutoka Mwankoko hadi hospitali kuna matuta ya barabarani ambayo sikuwahi kuyatilia maanani. Siku ile kila tuta lilinieleza juu ya ugonjwa wangu mambo ambayo ukoo mzima ulishindwa kunieleza. Gari lilipopanda nilishika dashibodi. Liliposhuka nilitaja majina ya Mungu kutoka dini mbili.

Kwenye benchi la kusubiri kulikuwa na televisheni inayoonyesha mashindano ya kupika. Sijui ni nani aliyefikiri kwamba watu wanaosubiri kutapika wangependa kuona kitoweo. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, mguu wake umefungwa bandeji, aliniangalia kwa huruma.

"Baba, unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Itakuwa UTI hiyo. Mwanangu alikuwa nayo, ilimpanda mpaka kichwani."

Sikuwa na nguvu ya kumdharau ipasavyo. Nilimwahidi kimoyomoyo kwamba nitakuja kumdharau nikipona, na hapa natimiza.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mpole, mikono baridi. Alibonyeza upande wa kushoto, nikaumia kulia. Alibonyeza kulia polepole, kisha akaachia ghafla, na kule kuachia kuliuma kuliko kubonyeza. Nikamtukana kwa Kinyaturu, lugha ninayoitunza kwa ajili ya hasira na mazishi.

"Pole, baba," akasema. "Na mimi ni wa Ilongero. Nimesikia."

Nilitamani kufa kabla ya vipimo. Walichukua damu, wakanipiga picha ya tumbo kwa ile mashine ya kupaka mafuta baridi, na jibu likaja: kidole tumbo, kimevimba, bado hakijapasuka. Nimebahatika, akasema. Watanifanyia upasuaji asubuhi, chale ndogo, na baada ya siku chache nitakuwa nyumbani nikiandika makala zangu. Sharti lilikuwa moja. Nisile wala kunywa kitu, hata maji, kwa sababu mtu akilazwa usingizi wa upasuaji na tumbo lina chakula, chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Muuguzi akaning'iniza kipande cha boksi kichwani mwa kitanda, kimeandikwa kwa kalamu nene: ASILE KITU.

Hadi hapa nilikuwa mjinga wa kawaida. Sasa aje shangazi.

Shangazi Mwajuma, dada yake marehemu baba yangu, anaishi Mgori, karibu na msitu. Alipopata habari alichinja kuku kabla hajauliza ninaumwa nini. Alfajiri alipanda gari la kwanza, na kabla ya zamu yangu kufika alikuwa kando ya kitanda, kitenge kimejaa vumbi, hotipoti kifuani kama mtoto mchanga.

Lazima nieleze jambo hili, maana mtu wa nje hataelewa. Kwetu, chakula cha mgonjwa wa ukoo huletwa na dada wa baba, kwa mkono wake, naye hukaa hapo mpaka aone chini ya chombo. Chombo kikirudi na kitu ndani, maana yake mgonjwa ameikataa nyumba, au anakufa. Zipo habari nyingi za watu waliorudisha chakula cha shangazi wakafa wiki hiyohiyo. Hakuna anayesema kwamba walikuwa wanakufa tayari, na ndiyo sababu hawakuweza kula.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Amka unywe."

"Wamesema nisile."

"Nani?"

"Daktari. Mpaka wanipasue."

Aliwaza. "Mtu anapasuliwaje na tumbo tupu? Watakata nini?"

"Ndiyo utaratibu, shangazi."

"Huyo daktari ana watoto?"

"Sijui."

"Basi."

Alinyanyua mkono, akakigeuza kile kipande cha boksi kikaelekea ukutani, kwa heshima, kama mtu anayemgeuza mtoto asimwone mkubwa akivaa. Kisha akafungua hotipoti.

Elisifa alikuwa ametumwa kununua vifaa. Hilo nalitaja ili mjue ukoo wangu ulikuwa umepata nafasi. Lakini hakuna aliyenishika mdomo. Nilijieleza mwenyewe kwa ufasaha mkubwa: supu ni maji, maji ni kitu gani? Amri hizi zimewekwa kwa ajili ya watu wasioelewa, ambao ukiwaruhusu kikombe watamaliza sufuria. Mimi naelewa. Nikanywa kikombe. Halafu shangazi akanipa paja, na sikuweza kulikataa paja baada ya kuyakubali maji yake. Halafu ugali, kidogo tu, wa kusukumia paja. Kila tonge lilikuwa linaniuma, na kichefuchefu kilikuwa kooni, lakini niliendelea, kwa sababu shangazi alikuwa anaangalia chini ya chombo.

Mtaalamu wa usingizi alikuja baadaye kidogo na maswali yake.

"Umekula lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana."

Akaangalia masharubu yangu kwa muda mrefu.

"Ni kuku au samaki?"

"Kuku," nikasema.

Akaondoka kwenda kubadilisha orodha. Zamu yangu akapewa mtu mwingine, na upasuaji wangu ukasogezwa mpaka jioni, tumbo liwe limekwisha kushusha ule mzigo. Elisifa alirudi na mfuko wa vifaa, akakiona kipande cha boksi kinaangalia ukuta, akaiona hotipoti. Aliketi mwisho wa kitanda. Kisha akainuka, akakigeuza kile kipande kikaangalia wodi.

Mchana maumivu yakaisha.

Namaanisha yaliisha, kama redio iliyozimwa. Ule mguu ukanyooka. Nilijinyoosha kitandani nikacheka, nikamwambia Elisifa twende nyumbani, hawa watu walitaka kunikata bure.

"Unaona?" shangazi akamwambia Elisifa. "Alikuwa na njaa."

Kama wewe ni mtu wa kushika jambo moja katika maandishi yote haya, shika hili. Maumivu ya kidole tumbo yakiisha ghafla bila matibabu, usishukuru. Daktari alipofika hakutabasamu. Aliuliza yameacha saa ngapi, akaweka mkono tumboni, na uso wake ukabadilika. Kilichokuwa kimevimba kilikuwa kimepasuka, na usaha ulikuwa unamwagika ndani. Ile nafuu ilikuwa ya gunia lililochanika. Kabla ya jioni nilikuwa nachemka, tumbo gumu kama ubao, na sikucheka tena kwa muda mrefu.

Chale ndogo niliyoahidiwa ikawa ndefu, katikati ya tumbo, juu ya kitovu hadi chini. Niliamka na mpira puani, mpira mwingine ubavuni unaotoa uchafu kwenye mfuko, na sindano za dawa zilizokuwa zinakuja asubuhi, mchana na jioni kama sala. Sehemu ya kidonda waliiacha wazi ili isafishwe, na kila siku kilifunguliwa na kufungwa upya. Nilijifunza kujikunja kabla muuguzi hajagusa plasta. Nilijifunza kukohoa nikiwa nimekumbatia mto juu ya tumbo, kama alivyonionyesha jirani yangu wa kitanda, mfugaji wa Mkalama mwenye mguu uliovunjika, ambaye hakuwahi kunipa ushauri wowote zaidi ya huo. Bado namkumbuka kwa hilo. Kwenye wodi nzima alikuwa mtu pekee aliyesubiri kuulizwa.

Baada ya upasuaji wa namna ile utumbo hulala, na madaktari husubiri uamke. Ishara ya kuamka ni moja. Kila asubuhi muuguzi alikuja miguuni pa kitanda na daftari lake, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea wodi kubwa:

"Baba Zawadi, umejamba?"

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Iramba kumsaidia mwanawe. Huyu ni mama ambaye tangu nioe sijawahi kutafuna mbele yake. Nikiwa na neno kwake hulipitisha kwa Elisifa hata tukiwa chumba kimoja. Sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda, Biblia mapajani, na muuguzi anauliza.

"Bado," nilinong'ona.

"Sijakusikia."

"Bado."

Habari hiyo ilikwenda kwenye kundi la ukoo. Watu wa Manyoni na Itigi, Waislamu kwa Wakristo, waliniombea nijambe. Nina hakika hakuna makala yangu iliyowahi kufuatiliwa hivyo. Na ilipotoka, ilitoka mama mkwe akiwa katikati ya sala, macho amefumba. Hakufumbua. Alisema amina, akaendelea. Nimeishi naye kwa upendo mkubwa tangu siku ile, ingawa bado hatuangaliani.

Nilitoka hospitali nikiwa na suruali ambazo hazikunitambua. Mwili ulikuwa umeondoka, umebaki mfupa na maoni. Kidonda kilichukua majira yote ya upepo kufunga. Nikicheka kiliuma, kwa hiyo niliacha kucheka. Nikipiga chafya nililia. Elisifa alinisafisha, alinilisha, aliniogesha, na kwa wiki nyingi hakunipa zaidi ya maneno ya lazima. Siku moja, akiwa anakunja bandeji, alisema bila kuniangalia:

"Ningekuwa mjane wa supu."

Binti yetu Zawadi, aliyekuwa darasa la tatu, alikuja akakaa kitandani, akautazama mshono.

"Baba, kwani ulikula?"

"Kidogo."

"Nilisikia uliimaliza."

Hukumu ya ukoo, kwa upande mwingine, ilikuwa imetolewa bila kikao: isingekuwa ile supu, nisingekuwa na nguvu za kuvumilia kisu. Shangazi alipongezwa. Kwenye harusi moja alisimamishwa aeleze. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye mto, nikashangiliwa kama ushahidi. Tangu hapo harufu ya supu ya kuku ikinifikia, hata ya mgahawa wa mbali, koo langu hufunga. Katika mkoa ambao watu wanasafiri kuja kununua kuku wetu, mimi nimekuwa mtu wa maharage.

Mvua zilianza, mashamba yakafunguliwa, shule zikafungwa, na Zawadi akaenda Mgori kwa shangazi. Humwita bibi, na humpenda kuliko sisi. Asubuhi moja simu ikalia.

"Mtoto ana mchango wa tumbo," shangazi akasema. "Usihangaike. Nimemwita mama wa kukanda, anapasha mafuta."

"Alianza lini?"

"Jana. Ulikuwa unamzunguka kitovuni. Usiku umeshuka huku chini."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

"Shangazi, asimguse mtu."

"Mchango usipokandwa unapanda."

"Asimguse mtu, shangazi. Nakuja."

Sijawahi kumkatia simu dada wa baba yangu. Nilimkatia.

Elisifa aliendesha. Mimi sikuweza kushika usukani, nilikuwa nimekwisha kujua ni nini. Tulimkuta Zawadi kwenye mkeka, amelala ubavu, magoti juu, midomo mikavu. Hakuwa amekula tangu jana yake, na mtoto huyu hajawahi kukataa chakula cha shangazi. Kando ya moto mama wa kukanda alikuwa na bakuli la mafuta ya alizeti, mikono imeng'aa mpaka viwikoni, yuko tayari kulisukuma tumbo la mwanangu lirudi linakotakiwa. Kwa mchango wa kawaida pengine hakuna madhara. Kwa kidole kilichovimba, ni kubonyeza jipu ukitegemea halitapasuka.

"Zawadi," nikasema, "simama uruke."

"Siwezi."

"Kidogo tu. Nyanyua visigino uviteremshe."

Alinyanyua visigino, akaviteremsha. Hakupiga kelele. Machozi yalitoka tu, akashika tumbo chini kulia kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akamshika mama yake. Fanya hivyo kwa mtoto wako. Haichukui muda, na ukoo hauhitajiki.

"Mnamtesa," shangazi akasema. "Wewe mwenyewe nilikukanda ukiwa mdogo."

"Ndiyo, shangazi. Na nikiwa mkubwa ulinilisha."

Lilikuwa neno baya kwa mtu wa umri wake, na mama wa kukanda akaangalia mafuta. Nikamnyanyua Zawadi, akiwa amejikunja vilevile, nikaketi naye nyuma. Barabara ilikuwa matope na mashimo. Kila shimo lilipompata nilihisi mshono wangu mwenyewe unaamka.

Hospitali ilikuwa ileile, na benchi lilelile, na daktari yuleyule wa Ilongero, ambaye alimbonyeza taratibu kisha akaniangalia, na hatukuhitaji kusemezana sana. Kwa watoto, alisema, kidole hupasuka upesi kuliko kwa watu wazima. Cha Zawadi kilikuwa bado. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mgonjwa. Akitoka, anaingia yeye. Asile, asinywe. Kipande cha boksi kikaning'inizwa.

Tulisubiri. Sisemi ilikuwa muda gani, maana haukuwa muda, ilikuwa ni kuangalia mlango. Nilikuwa najua kila kitu kinachoweza kutokea ndani ya tumbo lile, na nilikuwa najua kinavyonuka.

Kisha nikasikia harufu nyingine, na koo langu likafunga kabla sijageuka.

Shangazi alikuwa mlangoni. Matope magotini, kitenge kimelowa, hotipoti kifuani. Alikuwa amechinja mara tulipoondoka, akapanda bodaboda hadi barabara kuu. Alisalimia wodi nzima, akaketi kando ya kitanda, akanyanyua mkono na kukigeuza kipande cha boksi kikaangalia ukuta.

"Bibi," Zawadi akasema.

"Amka mwanangu. Kidogo tu, ya kulowesha koo."

Elisifa alisimama. "Shangazi, hapana."

"Sikusemeshi wewe. Namsemesha mjukuu wa kaka yangu."

Nilijua vizuri sana jinsi mambo yatakavyokwenda. Tungeweza kupiga kelele, na wodi ingemwonea huruma mama mzee. Tungeweza kuita muuguzi, shangazi angetoka nje, angekaa chini ya dirisha, angesubiri mmoja wetu aende chooni. Asingeondoka na chombo kilichojaa. Hajui njia ya kuondoka nacho. Na Zawadi ni mtoto aliyelelewa vizuri, balaa kubwa. Mkono wake ulikuwa umekwisha kutoka ndani ya shuka.

"Nipe mimi, shangazi," nikasema.

"Hii si yako. Wewe leo hukatwi."

"Najua. Nipe."

Niliichukua hotipoti mapajani mwake, nikaketi sakafuni ambako angeweza kuniona vizuri, nikaanza. Supu kwanza. Mafuta yalielea juu, ya manjano, na tumbo langu lilijaribu kutoka kupitia mdomoni. Nilimeza. Nikanywa mpaka ikaisha. Nikala paja, nikala bawa, nikala shingo, nikala firigisi, ambayo kwa haki ni ya wakubwa, na ugali wote. Kuna mzee kitanda cha mwisho alisema, "Huyu ndiye mgonjwa?" na mtu akamjibu, "Ndiye, nadhani wa akili."

Nikainamisha chombo ili shangazi aone chini.

Alikitazama, akanitazama. Sikuweza kusoma uso wake, na sijaweza mpaka leo. Alichukua chombo, akakifunika, akakifunga kwenye kitenge, akaketi, mikono ikiwa juu yake.

Mtaalamu wa usingizi alipokuja alikuwa ni yuleyule.

"Mtoto amekula?"

"Hajala," Elisifa akasema.

Akaniangalia masharubu. "Na baba?"

"Baba amemlia."

Wakamchukua. Chale ya Zawadi ni fupi kuliko kidole chake cha shahada. Siku chache tu akawa nyumbani, anaonyesha wenzake, na kila mmoja anataka ya kwake. Huko Mgori inafahamika kwamba mtoto aliimaliza supu yote kabla ya kisu, na ndiyo maana alipona haraka hivyo kuliko baba yake, ambaye siku zile alikula kwa kusitasita. Ukoo mzima unaamini hivyo. Sijawasahihisha. Nimewadharau kimyakimya, nikiwa mezani kwao.

Tukiwa bado wodini, asubuhi ile ambayo muuguzi alimruhusu kula, Zawadi, ambaye alijamba bila kusumbua maombi ya mtu, alisema anataka kuku wa bibi. Nikatoka nje kwenye upepo, nikapiga simu Mgori.

"Shangazi, mtoto anaomba supu."

"Nani atakula?"

"Mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshiba, shangazi."

"Nilijua," akasema, na akakata simu yeye.

Alifika mchana. Alikaa palepale, akapaangalia pale kipande cha boksi kilipokuwa zamani, pakiwa patupu, na Zawadi akala polepole mpaka chini ya chombo.